Msaada, Mkataba na Turufu: Msamiati wa Siasa za Dunia Ukipimwa Sondu

Mjadala wa istilahi katika Kiswahili umekwenda kwa muda mrefu katika njia moja. Tangu siku za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na zaidi baada ya kuundwa kwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam mwaka 1964, swali lililotangulizwa ni la asili: je, neno litolewe katika Kibantu, litwaliwe kutoka Kiarabu, au Kiingereza kitoholewe? Ni swali la haki, na majibu yake yamejaza kurasa nyingi. Lakini liko swali jingine ambalo limeulizwa kwa nadra mno, nalo ni hili: neno likishapatikana, linamweka wapi msikilizaji wake? Linamfanya kuwa mwenye shauri, au mtazamaji, au mpokeaji wa fadhila? Katika istilahi za sayansi swali hili halina uzito mkubwa. Mwanafunzi anayesema ‘usanisinuru’ na yule asemaye ‘fotosinthesisi’ hawatofautiani kwa haki zao. Katika habari za siasa za dunia mambo ni kinyume, kwa kuwa huko neno lenyewe huwa ndilo jambo.

Shabaha ya makala haya ni kulipima swali hilo mahali pamoja. Sondu ni mji mdogo wa soko ulioko kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Kisii, pale Nyakach inapopakana na nchi ya Wakipsigisi ya Kericho. Wajaluo, Wakipsigisi na Wakisii hukutana hapo kuuza na kununua, na kwa kuwa lugha zao hazielekeani, Kiswahili ndicho dalali wao. Si Kiswahili cha kamusi, wala hakina adabu za Lamu au Unguja, lakini katika jambo moja ni chenye uangalifu mkubwa: hakimwachi mtu na shaka kuhusu nani anamdai nani. Kando ya mji huo unapita mto wenye jina hilo hilo, utokao katika misitu ya Mau na kumwagikia Ghuba ya Winam, na kwa njia ya ziwa hilo maji yake hatimaye huingia katika Nile. Kwa hiyo mto wa Sondu ni jambo la mataifa, upende usipende. Yeyote anayedhani kwamba siasa za dunia hufanyika New York na Geneva tu, na kwamba kazi ya mtu wa Nyakach ni kuzisikiliza redioni, angefaa kuufuata mto huu kwa muda.

Mwaka 1997 serikali ya Kenya ilitia saini hati ya kupata yeni bilioni 6.9 hivi kutoka Japani kwa ajili ya kujenga mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu. Ujenzi ulianza mwaka 1999. Kampuni zilizojenga zilitoka Japani kwenyewe, Norwe na Afrika ya Kusini. Maji yaliingizwa katika handaki lenye urefu wa kilomita sita na kitu, yakashushwa hadi Thurdibuoro kwenye tambarare ya Nyakach, yakazungusha mitambo miwili yenye nguvu ya megawati 60 kwa jumla, kisha yakarudishwa mtoni. Fedha za awamu ya pili hazikufika upesi. Mwaka 2000 Kenya iliahirishiwa madeni yake na wakopeshaji wa Klabu ya Paris, jambo lililoitia Japani wasiwasi wa kukopesha tena. Wakati huo huo wenyeji na mashirika ya kutetea mazingira walilalamikia fidia ya ardhi, vumbi, ajira, na kupungua kwa maji katika sehemu ya mto iliyoko kati ya mahali pa kuchotea na mahali pa mitambo, penye maporomoko ya Odino. Malalamiko hayo yalivuka bahari. Mwaka 2001 na 2002 habari za Sondu-Miriu zilizungumzwa katika bunge la Japani. Hati ya awamu ya pili, yenye zaidi ya yeni bilioni 10, ilitiwa saini mwaka 2004 tu, na kazi ikakamilika mwaka 2008. Baadaye mtambo wa Sang’oro ulijengwa chini yake ili kutumia maji yale yale.

Haya yote ni habari za kawaida za maendeleo, na hapa si mahali pa kuamua kama mtambo ulijengwa vizuri au vibaya. Umeme wake ni wa kweli. Linalohusu uhakiki wa lugha ni neno moja. Katika Kiswahili cha habari na cha hotuba, fedha za namna hii huitwa ‘msaada’. Sentensi ya kawaida huwa na sura hii: Japani imetoa msaada wa kujenga mradi. Nchi inayotoa huitwa ‘mfadhili’ au ‘mhisani’. Ukifungua maneno hayo utaona yamebeba nini. Msaada ni tendo la mtu amsaidiaye mwenzake kuinua mzigo. Likiisha, limeisha, na linalobaki ni shukrani. Mfadhili ni mwenye kutoa fadhila, na fadhila, kama wajuavyo wasemaji wote wa lugha hii, hailipiki. Mhisani hutoa ihsani, wema ambao mtu hakulazimika kuutenda. Hakuna hata neno moja kati ya hayo matatu lenye nafasi ya riba, ya tarehe ya kulipa, wala ya mwana atakayelipa baada ya baba. Hali fedha za Sondu-Miriu zilikuwa mkopo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Wajapani wenyewe hawakusema vingine. Katika lugha yao fedha za aina hii huitwa enshakkan, neno ambalo maana yake ni mkopo wa yeni, basi. Mbunge wa Tokyo aliyesimama kuuliza habari za mto wa Nyakach aliuliza juu ya mkopo uliotolewa na nchi yake, naye alikuwa na haki ya kujua kama utalipwa na kama ulitumiwa vema. Kwa upande wa pili wa hati hiyo hiyo, raia atakayeulipa kwa kodi yake aliambiwa amesaidiwa. Mkopeshaji alilisikia jambo lile kama deni, mdaiwa akalisikia kama zawadi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi msamiati unavyoweza kumnyima mtu kiti katika shauri lake mwenyewe: aliyepewa zawadi hana adabu kuuliza maswali, aliyekopa anapaswa kuyauliza.

Itajibiwa, na jibu hilo si la kupuuzwa, kwamba mwandishi wa habari wa Kiswahili hakudanganya. Mataifa tajiri yana desturi yao ya kuhesabu mikopo yenye riba ndogo na muda mrefu wa kulipa kuwa ni sehemu ya kile wanachokiita msaada rasmi wa maendeleo, na mkopo wa Sondu-Miriu ulikuwa na masharti nafuu kuliko ya benki yoyote ya biashara. Mwandishi alitafsiri tu alicholetewa na mashirika ya habari. Hilo ni kweli, na ndilo hasa kosa. Uaminifu kwa neno la Kiingereza ulihesabiwa kuwa uaminifu kwa jambo. Kiingereza kiliunganisha mambo mawili katika neno moja kwa sababu zinazowafaa wale wanaotunga hesabu hizo. Kiswahili kilichokuwa na maneno mawili mazuri, ‘msaada’ na ‘mkopo’, kikaacha moja na kulibebesha jingine mzigo usio wake. Wala haisaidii kusema ‘mkopo wa masharti nafuu’, ingawa ni afadhali, maana maneno hayo hutumika katika hati za hazina na katika kurasa za uchumi, huku ‘msaada’ ukibaki katika taarifa ya habari ya saa moja usiku, ambayo ndiyo isikilizwayo na wengi.

Basi na arejee mtu sokoni. Mchuuzi wa Sondu anayechukua shehena ya samaki au viazi bila fedha mkononi hasemi amesaidiwa. Anasema amekopa, au amechukua kwa deni. Akinunua baiskeli au redio kwa malipo ya awamu, Kiswahili cha Kenya kimempa tangu zamani usemi ulio kamili, ‘lipa pole pole’. Ni usemi uliotungwa na wafanyabiashara, si na wataalamu, lakini mtaalamu yeyote angeuonea fahari: una tendo, una mwendo wake, na unaelekezwa moja kwa moja kwa yule mwenye wajibu. Masharti nafuu ya Tokyo ni nini kama si lipa pole pole ya mataifa? Kijaluo nacho hakichanganyi. Kony ni msaada na gowi ni deni, na mtu akiliita gowi kuwa kony mbele ya wazee atarekebishwa papo hapo. Upungufu, kwa hiyo, haukuwa wa maneno. Maneno yalikuwapo, tena ya kila siku, lakini yalionekana kuwa ni ya sokoni mno kwa shughuli za mabalozi.

Hapa pana jambo la historia linalostahili kutajwa kwa kupita. Neno ‘siasa’ lenyewe, katika kamusi za zamani, lilikuwa na maana ya upole na utaratibu. Kusema kwa siasa kulikuwa kusema bila ukali. Maana ya kutawala na kushindania utawala ilishika nguvu baadaye. Huenda masalio ya upole ule ndiyo yanayoendelea kukaa katika lugha ya habari za nje, ambamo hakuna anayedai, hakuna anayekataa, na kila mgeni anayewasili uwanja wa ndege ‘ameahidi kuimarisha uhusiano’.

Mfano wa pili unatoka katika maji yale yale. Tarehe 7 Mei 1929 mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo na waziri mkuu wa Misri walipelekeana barua ambazo kwazo iliafikiwa kwamba pasijengwe lolote kwenye Nile na matawi yake, wala kwenye maziwa inamotoka, katika nchi zilizokuwa chini ya Uingereza, litakalopunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali. Kwa kuwa Sondu humwagikia ziwani, nao ulikuwa ndani ya barua hizo. Katika Kiswahili jambo hili huitwa ‘Mkataba wa Nile wa 1929’. Mkataba ni maafikiano ya pande zilizokaa zikakubaliana, na hakuna aliyekaa kwa ajili ya Nyakach. Nyerere alilitambua hilo mapema: mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziarifu Uingereza, Misri na Sudan kwamba haifungwi na maafikiano hayo. Hoja yake ilikuwa ya sheria, lakini ilikuwa pia ya maana ya neno, kwamba mtu hafungwi na ahadi iliyotolewa na mtu mwingine kwa jina lake. Hata hivyo lugha ya habari iliendelea kusema ‘mkataba’, na msikilizaji akabaki akidhani kwamba wazee wake waliahidi.

Ni haki kuongeza kwamba mtambo wa Sondu hauli maji. Huyaazima tu na kuyarudisha, na kwa sababu hiyo haukuwa chanzo cha ugomvi na Misri. Lakini mtu anayetaka kumwagilia shamba kwa mto huo hayuko katika hali hiyo, naye anahitaji kujua kama ni kweli aliahidi.

Katika habari ya Nile, hata hivyo, Kiswahili kimeonyesha uwezo wake pia. Mwaka 2010 nchi za juu ya mto zilianza kutia saini maafikiano mapya ya ushirikiano. Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zilitangulia mwezi wa Mei huko Entebbe, na Kenya ikafuata siku chache baadaye. Maafikiano hayo yalianza kutumika mwezi wa Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kuwa nchi ya sita kuyakubali rasmi. Tendo hilo la kukubali rasmi baada ya saini Kiswahili kinaliita ‘kuridhia’. Neno hili ni hazina. Kila mtu alijua tayari maana ya kuridhia: ni pale moyo unapokubali kile ambacho mkono au mdomo ulikwisha kukitoa, kama bibi arusi anayeulizwa mwenyewe ingawa wazee wamekwisha kupatana. Msikilizaji akiambiwa kwamba Kenya ilitia saini mwaka 2010 lakini haikuwa miongoni mwa zile nchi sita zilizoridhia, haelezwi zaidi. Ameona mwenyewe mkono uliokwenda na moyo uliosita, na swali la kwa nini moyo umesita limekwisha kumjia. Istilahi nzuri ni ile inayomwachia msikilizaji swali.

‘Kura ya turufu’ ni nyingine ya aina hiyo, na ni ya watu hasa, maana imetoka katika mchezo wa karata, na turufu yenyewe ililetwa pwani na Wareno. Kila mcheza karata wa Kisumu au wa Mombasa anaelewa mara moja kwamba mmoja wa wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama anaweza kuiangusha kura ya wenzake kumi na wanne. Lakini taswira hii, kwa uzuri wake wote, inapotosha mahali pamoja. Katika karata, turufu humwangukia yeyote. Karata huchanganywa, na aliyekosa mkono huu huipata mkono ujao. Katika Baraza la Usalama karata ziligawanywa mara moja tu, mwaka 1945, na hazijachanganywa tena. Mcheza karata wa Kisumu asingeketi katika mchezo wa namna hiyo. Afrika imeketi, na imeomba kwa miaka mingi ichanganyiwe upya. Mwalimu anayelifundisha neno hili darasani angefaa kuueleza mchezo wote, asiishie kwenye karata.

Udhaifu mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko katika majina bali katika vitenzi. Katika Kiswahili cha habari vita havipigwi, vita ‘huzuka’. Kitenzi hiki ni cha mambo yajitokezayo yenyewe, kama uyoga baada ya mvua, na nomino yake, kizuka, ni jina la pepo. Vita vya Sudan ‘vilizuka’ Aprili 2023, na vita vya mashariki ya Kongo ‘huzuka upya’ kila mara, kana kwamba hakuna aliyenunua risasi. Sondu inakijua kitenzi hiki kwa uchungu wake yenyewe. Mapigano ya mpakani hapo, ya mwaka 1992 na mengine yaliyofuata hadi ya 2023, yaliripotiwa kwa kitenzi hicho hicho. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini Kenya, haikuandika habari za pepo. Ilitaja wanasiasa na maofisa wa serikali. Mtu wa Sondu aliyeona nyumba yake ikichomwa anajua kwamba moto ulikuwa na mshikaji. Akisikia redioni kwamba huko Darfur mapigano yamezuka, ana sababu kuliko profesa yeyote ya kuuliza nani aliwasha. Ni ajabu kwamba lugha inayomletea habari hiyo inamzuia kutumia ujuzi wake. Sarufi haina lawama: Kiswahili kina kauli ya kutendwa yenye nafasi safi ya mtendaji baada ya ‘na’. Nafasi hiyo huachwa tupu kwa mazoea.

Je, fasihi imefanya vizuri zaidi? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Riwaya ya Kyallo Wadi Wamitila, Bina-Adamu! (2002), ni miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yaliyokusudia waziwazi kuusoma mfumo wa dunia. Mhusika wake mkuu anasafiri katika kijiji cha utandawazi akimtafuta P.P., ambaye nguvu zake zinaonekana kila mahali na uso wake hauonekani popote. Ubora wa riwaya hii ni kwamba imejengwa juu ya swali lile lile linalokosekana katika taarifa ya habari: nani? Safari nzima ni msako wa mtendaji. Msomaji aliyezoea ‘kuzuka’ na ‘kusaidiwa’ hupata hapo mazoezi ya akili anayoyahitaji, na wahakiki waliolalamika kwamba kitabu ni kigumu hawakuipa sifa hiyo haki yake.

Lakini istiari hiyo ina gharama. Ukiwapa wenye nguvu wote sura ya mtu mmoja, msomaji huondoka na hisia kwamba akishamjua huyo amemaliza. Sondu haikufikiwa na P.P. mmoja. Fedha zilitoka Tokyo, wajenzi walitoka mabara matatu, barua za maji zilitoka Cairo na London, saini ilitoka Nairobi, na katika bunge la Tokyo hiyo hiyo iliyokopesha walikuwako waliouliza maswali yaliyowafaa watu wa Nyakach kuliko yaliyoulizwa nchini mwao. Nguvu za dunia zilifika hapo zikiwa zimetawanyika katika karatasi, kila moja na tarehe yake na sahihi yake. Riwaya ya Kiswahili bado haijaipata karatasi hiyo. Walenisi ya Katama Mkangi (1995) nayo humpeleka mhusika wake sayari nyingine ili aone jamii iliyo bora. Safari za mbali zimeandikwa kwa ustadi. Bado haijaandikwa safari ya hati ya mkopo kutoka meza moja hadi nyingine, ambayo kwa mwandishi mwenye jicho ni kisa chenye hila kuliko safari ya chombo cha anga.

Neno ‘ukoloni mamboleo’ lingetarajiwa kuifanya kazi hii, maana lilitungwa kwa ujasiri. Kuna kejeli ndani yake ambayo pengine haikukusudiwa: Mambo Leo lilikuwa jina la gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika, lililoanza mwaka 1923. Hata hivyo neno hilo, pamoja na ‘ubeberu’ wenye pembe zake, limetumika mno kwenye majukwaa hata likawa tusi, na tusi halifafanui. Kumwita Mjapani beberu hakumsaidii mtu kusoma kiwango cha riba. Kati ya mhisani na beberu, yaani kati ya malaika na mbuzi, Kiswahili cha siasa za dunia kimemkosa mtu wa kawaida anayetajwa sokoni kila siku, naye ni mkopeshaji.

Suala hili sasa lina haraka ambayo halikuwa nayo zamani. Mwaka 2004 Joaquim Chissano alipohutubia viongozi wa Afrika kwa Kiswahili mjini Addis Ababa, watafsiri hawakuwa tayari. Mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika uliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Nchini Kenya kimekuwa lugha rasmi kwa katiba ya 2010, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekikubali. Maana yake ni kwamba hati zilizokuwa zikielezwa tu kwa Kiswahili zitaanza kuandikwa kwa Kiswahili, na neno lililokuwa uzembe wa mtangazaji litakuwa kifungu cha sheria. Radio Japan hutangaza kwa Kiswahili, na lugha hii hufundishwa katika chuo kikuu huko Osaka. Upande wa pili wa meza hautakosa wasomaji. Mfasiri atakayepewa hati ya mtambo mwingine juu ya mto mwingine uendao ziwani atafika kwenye mstari wa kwanza, penye majina ya pande mbili, na itambidi achague la kuandika kwa yule anayetoa fedha.